Rangi ya Viatu Usoni mwa Chui

Jumatatu, tarehe 3

Daktari kaja saa tatu. Kausikiliza moyo wangu muda mrefu kuliko inavyopendeza, kisha kamvuta binti yangu koridoni wakanong'ona. Watu wenye afya hudhani mgonjwa wa moyo ni kiziwi pia. Nimedaka neno moja: wiki. Ni ngapi, sikudaka. Lakini nimefundisha biolojia miaka thelathini na nne, sihitaji kufasiriwa. Ni moja.

Basi. Nina miaka themanini na miwili. Sina la kulalamikia, ila huyu korongo.

Binti kahamishia kitanda changu sebuleni, ati kuna hewa. Kimeelekezwa ukutani, na ukutani yupo korongo mwenye kipara, kavaa suti yangu ya kahawia na miwani yangu, kashika mdomoni kipande cha chaki. Chini pameandikwa "Mwalimu Mstaafu". Kazi ya Shemeji. Aliniletea siku niliyostaafu, mbele ya wageni. Marehemu mke wangu alicheka hadi akakaa chini, akaitundika mwenyewe. Alisema kaka yake amenipata hasa pale shingoni.

Mtu akitazamwa na korongo kutwa, husema ukweli. Nauandika hapa kwa kuwa shajara haina midomo.

Shemeji huchora wanyama ndani ya anasa za watu. Tembo ndani ya beseni la marumaru, bomba za dhahabu. Punda milia watatu kwenye lifti, hakuna anayemtazama mwenzake. Husema tumewanyang'anya kwao, angalau tuwakaribishe kwetu. Miaka kumi na moja iliyopita alimaliza chui. Chui kakaa wima kwenye sofa ya mahameli, mkufu wa dhahabu shingoni, mwenye nyumba hasa. Na miguuni pake, sakafuni, zulia. Zulia lenyewe ni ngozi ya chui, pamoja na kichwa. Picha aliiita "Mgeni Sebuleni".

Aliniita niikague, kama kawaida yake, nihesabu kucha na mabaka. Sikuona kosa. Iliniuma. Akaenda kuosha brashi bombani. Mkobani mwangu lilikuwamo kopo la rangi nyeusi ya viatu, maana mwalimu, hata mstaafu, mwenye viatu vya vumbi ahubiri usafi kwa uso gani? Nikachukua njiti ya kiberiti. Nikamchora chui mistari miwili, kila jicho mmoja, kutoka pembe ya jicho, kando ya pua, hadi mdomoni. Mistari hiyo anayo duma. Chui hana. Mtoto wa kidato cha kwanza anajua. Nilitaka wajuzi wafike kwenye maonyesho wacheke: mchora wanyama hajui chui wala duma.

Hawakucheka. Walisema analia. Walisema ameitazama ngozi ya nduguye akatokwa na machozi. Picha ikazunguka dunia nzima. Ikaingia kwenye kalenda, kwenye mikoba, na mwaka juzi kwenye jalada la kitabu cha biolojia. Cha biolojia.

Mke wangu aliona tundu la njiti ndani ya kopo, akajua. Miaka minne iliyopita, kwenye kitanda kama hiki, aliniambia: "Mwambie kaka. Usinifuate kabla hujamwambia." Nikaahidi.

Nina wiki moja. Nikifika sijamwambia, atanipokea mlangoni na swali lilelile, wala hatanipisha nipite.

Tena Jumapili ni maonyesho makubwa ya Shemeji, kazi za maisha yake yote. Ni wakati mwafaka. Naungama, nasamehewa, naondoka. Na kwa haki tu, jina langu lingefaa kuongezwa kwenye kile kikadi cha chini ya picha. Herufi ndogo. Sina makuu.

Jumanne, tarehe 4

Nimeamua barua. Barua hairukii neno lako katikati.

Mwandiko wangu siku hizi nausoma mimi peke yangu, kwa hiyo nimemtamkia Nesi aandike. Nesi ni msichana mwema mwenye kandambili zinazopiga makofi. Karatasi hakuwa nayo, ila zile za kuandikia saa za dawa, nyembamba kama utepe. Kaandika maneno mawili matatu, kashuka mstari, maneno mawili matatu, kashuka.

Nikafika penye rangi ya viatu nikakwama. Mkuu wa shule mstaafu kumtajia binti wa watu kopo la rangi ya viatu? Nikasema "weusi". Lugha ina staha zake. Ikatoka hivi:

Shemeji,
machozi ya chui
ni yangu.
Nilikuja kwako
na weusi mfukoni,
nikauacha
usoni mwake.
Nisamehe
kabla sijalala.

Nikataka kuendelea na aya ya pili, ile ya kikadi. Nesi kasema karatasi imekwisha, na babu apumzike, midomo imekuwa ya bluu. Nimemwambia midomo ni yangu. Kasema ndiyo, ila zamu ni yake.

Nikaagiza binti ampelekee mjomba wake. Bahasha haikuwa na gundi. Nilimsikia binti jikoni akisoma, kisha maji yakafunguliwa bombani kwa nguvu, kama afanyavyo akilia. Nikafurahi. Ungamo linalomliza mtu jikoni ni ungamo zuri.

Jumatano, tarehe 5

Shemeji kaja, na fimbo yake na machungwa sita. Kakaa chini ya korongo. Nikangoja aanze.

Kamenya chungwa. Kaniuliza habari za moyo. Nikamwambia wiki moja. Kasema yeye goti. Nikasema goti haliui. Kasema ndiyo ubaya wake, mwenye moyo anapumzika siku moja, mwenye goti anapanda ngazi. Kisha kanigawia vipande vitatu, kakila kingine, kakohoa. Kuhusu barua, kimya. Kuhusu chui, kimya.

Nikafikiri: kumbe kanisamehe kimyakimya. Ajabu, iliniudhi. Mtu nimebeba dhambi miaka kumi na moja, mwenzangu anaisamehe huku akitema mbegu za chungwa. Dhambi gani hiyo isiyostahili hata kukunjiwa uso?

Nikajaribu kumchokonoa. Nikasema nina jambo. Kasema jambo lisubiri, mapigo yasipande. Nikasema jambo lenyewe linahusu picha. Kainuka ghafla kwa mtu mwenye goti, kaenda dirishani, kasema gari la taka limepita mapema leo. Nikamuuliza siku hizi anachora nini. Nilijua jibu. Hajachora kitu tangu mwaka ule. Kila mtu husema alistaafu akiwa kileleni. Kaniambia brashi zimekakamaa.

Alipoondoka kasimama mlangoni akanitazama kama mwanafunzi anayengoja aruhusiwe kuzungumza. Kisha akasema machungwa yaliyobaki nisimwachie Nesi.

Sijatulia tangu hapo. Nimegeuka upande wa kushoto, wa kulia, wa kushoto. Nesi kasema nikigeuka tena atanifunga na shuka. Nimeshuka kitandani mara mbili bila pa kwenda. Fremu ya kutembelea inapiga kelele sakafuni kama mbuzi. Korongo ananitazama tu.

Alhamisi, tarehe 6

Barua haikumfika.

Leo kaja mwanamke wa jumba la sanaa, anayesimamia maonyesho. Namwita Bibi Miwani maana ana mbili, moja machoni, nyingine nyweleni, na anatafuta ya tatu mkobani. Kanishika mkono kwa mikono yote miwili, kaniita mzee wangu, kasema shairi langu limemtoa machozi.

Shairi gani?

Katoa kitabu cha maonyesho, kimetoka kiwandani jana, bado kinanuka wino. Ukurasa wa kwanza. "Shemeji, machozi ya chui ni yangu." Mistari ileile tisa, kama Nesi alivyoishusha. Binti yangu, badala ya kumpelekea mjomba wake, kaipiga picha kwa simu kaituma huko, maana aliona ni vibaya maneno kama hayo yasomwe na mtu mmoja. Kabaki na bahasha kwenye mkoba wake, ati amkabidhi mjomba siku ya maonyesho pamoja na maua.

Mwalimu wa Kiswahili shuleni kwetu aliandika mashairi miaka ishirini, hakuchapwa hata kwenye gazeti la ukutani. Nilimkumbuka. Sikuona vibaya kumkumbuka.

Lakini ahadi ni ahadi. Nikafanya la kiume. Nikamwambia Bibi Miwani kuwa hilo si shairi, ni taarifa. Nikamtuma Nesi alete mkoba wangu wa zamani, nikatoa kopo. Lipo. Tundu la njiti lipo. Nikaeleza yote, hatua kwa hatua, kama mbele ya ubao: chui, duma, njiti, bomba.

Kasikiliza vizuri sana. Kisha kamgeukia Nesi na kumuuliza, kwa sauti ya chini, dawa zangu ni zipi.

Nikamwambia apeleke picha maabara. Kasema, mzee wangu, wataalamu wawili wameandika kuhusu ule weusi. Mmoja kasema ni masizi ya msitu uliochomwa. Mwingine kasema hajawahi kuona weusi wenye kina kile, hauuzwi dukani. Nikamwambia unauzwa, kwa muuza viatu yeyote. Kacheka, kanibusu kipaji cha uso. Kasema wasanii wote wa familia moja, jamani.

Mgeni alipotoka, Nesi kanusa kopo, kasema hata ingekuwa kweli, rangi imekauka, nisitafune.

Nimeusoma ukurasa wa kwanza mara nne. Kuthibitisha hakuna makosa ya chapa.

Ijumaa, tarehe 7

Shemeji kaja saa mbili asubuhi, bila machungwa. Kitabu kwapani. Kamwambia Nesi aende akanywe chai. Kasema hivi, nayanakili yalivyotoka:

"Miaka kumi na moja nakungoja uniambie. Leo unaniambia na watu wote?"

Nikamuuliza alijuaje. Kasema alirudi kutoka bombani chumba chote kinanuka viatu vya mkuu wa shule. Chai niliiacha nusu. Njiti niliiangusha chini ya kiegemeo cha picha. "Mwizi wa darasa la pili angefanya kazi safi kuliko wewe."

Basi kwa nini hakufuta? Nikauliza kwa ukali kidogo, maana niliona hapo nina hoja. Kakaa. Fimbo kaiegemeza kwenye kitanda changu. Kasema alikuwa afute jioni ile ile. Akamngoja kwanza dada yake aje aone alichofanya mumewe, wacheke wote, wanitanie mwaka mzima. Lakini kabla ya jioni mnunuzi mmoja akapita, akasimama mbele ya picha, akalia. Mtu mzima, mwenye viatu vya ngozi ya nyoka, analia. Shemeji akanyamaza. Akapokea mkono wa pongezi. Kesho yake akapokea mwingine. Akasema: "Ukishapokea wa kwanza, wa pili unakuja wenyewe."

Nikaona mambo yanaelekea pazuri. Nikasema, basi tuko sawa, kila mtu kamwibia mwenzake. Tena ukitazama vizuri, bila mimi asingelia mtu. Hata kikadi kingeweza—

Kanikata. Hakupandisha sauti. Kasema: "Sikutaka alie, Mwalimu. Nilitaka awe bado hajatazama chini."

Sikuelewa. Kanieleza kama mtu anayemfundisha mtoto. Chui yule amekaribishwa. Amepewa sofa, amepewa mkufu, anajiona mtu wa pale. Bado kidogo atainamisha macho aone zulia. Bado. Anayetazama picha ndiye anajua, chui hajui, na anayetazama hawezi kumwambia. Hiyo ndiyo picha. "Wewe ulimfanya ajue. Akishajua, watu wanamwonea huruma, wanakwenda nyumbani, wanakula vizuri."

Kasema tangu siku ile kila akishika brashi, anasikia harufu ya viatu. Anachora jicho, anawaza watu watataka machozi. Ndiyo maana kaacha.

Kachukua fimbo kaondoka. Mlangoni hakusimama.

Mke wangu, ulisema nimwambie. Hukusema kuwa yeye naye ana la kuniambia.

Sikula. Nesi kafikiri ni moyo. Ndiyo, ni moyo, lakini hana dawa yake kwenye sinia.

Jumamosi, tarehe 8

Usingizi sifuri. Lakini alfajiri jibu lilikuja, jepesi, la kisayansi.

Rangi ya viatu ni nta. Nta huyeyushwa na mafuta. Shemeji hapaki vanishi picha zake, husema mnyama lazima apumue. Kwa hiyo mistari imekaa juu tu, haijanywewa. Nimepaka weusi kidogo wa kopo nyuma ya sahani, nikasugua kwa leso yenye mafuta ya kuchua kifua. Imetoka. Sahani nyeupe pe.

Nitamrudishia chui wake. Kesho, mbele ya macho ya watu wote, na hakuna atakayejua. Kisha nife.

Saa sita. Nesi kanifuma na sahani. Nimemwambia nafanya majaribio. Kasema wagonjwa wengine husuka vikapu.

Saa kumi. Nimemwomba binti anipeleke kwenye maonyesho. Kakataa. Nikamwambia ni ombi la mtu anayekufa. Kasema ombi la mtu anayekufa lilikuwa jana la redio, juzi la supu. Nikatazama dari kwa namna fulani. Kakubali.

Jumapili, tarehe 9

Naandika haraka kabla sijanyang'anywa kalamu.

Jumba la sanaa limejaa. Sijawahi kusikia manukato mengi hivyo mahali pamoja. Mbele ya picha ya mamba anayejaribisha viatu dukani, wanawake wawili wamesimama na mikoba ya ngozi ya mamba, wanasema msanii ana ucheshi. Bwana mmoja kainamia picha ya tembo ndani ya beseni na kuuliza bomba zile zinapatikana wapi. Nimesukumwa kwenye kiti cha magurudumu katikati yao kama jeneza lililofika mapema. Watu wamenipisha. Wengine walinong'ona: ndiye mwenye shairi. Nikainamisha kichwa kiasi.

Chui yupo ukuta wa mwisho, peke yake, na taa yake. Sikuwa nimemwona ana kwa ana miaka kumi na moja. Nilimtazama macho. Shemeji alisema kweli. Macho hayalii. Yanatazama mbele kabisa, yana raha, yanangoja kinywaji. Ni mimi niliyemtia huzuni asiyokuwa nayo. Nilijisikia vibaya kuliko nilivyotarajia.

Mbele yake kasimama mama mmoja mwenye gauni la madoa ya chui, anafuta macho.

Nikamtuma binti kwa Shemeji, aliyekuwa kakalishwa nyuma karibu na mlango na maua mapajani. Nikamtuma Nesi alete maji ya matunda. Nikafunga breki za kiti. Nikasimama. Miguu ilikataa, ikakubali. Nikatoa leso, mafuta ya kifua tayari, nikamwambia yule mama samahani, nikamwekea chui kidole shavuni nikasugua.

Mstari wa kulia ulitoka wote. Safi. Chini yake manyoya ya dhahabu kama siku ya kwanza, Shemeji alivyoyapaka. Nikahamia wa kushoto.

Mlinzi akanishika kiwiko. Mkono mkubwa. Kasema mzee hapa hatugusi. Nikamwambia niachie dakika moja, mimi ni mhusika. Bibi Miwani akatokea, miwani zote mbili zikaanguka. Watu wote wakageuka. Harufu ya mafuta ya kifua imetanda jumbani kama kwenye wodi ya watoto.

Nikaona sasa ndiyo siku yangu ya aibu, nami naistahili. Nikainua leso, yenye alama nyeusi, niwaonyeshe. Nikasema kwa sauti niliyobaki nayo: "Haya machozi ni yangu."

Yule mama wa gauni la madoa kapiga makofi.

Kisha mwingine. Kisha wote. Mtu nyuma akaanza kusoma kwa sauti kutoka kwenye kitabu, machozi ya chui ni yangu, na mwingine akajibu, nisamehe kabla sijalala. Walidhani imepangwa. Walidhani mshairi kaja kuchukua chozi lake. Bibi Miwani, ambaye nusu dakika kabla alikuwa anaita polisi, kawageukia waandishi na kusema jumba lake siku zote limeamini sanaa iliyo hai.

Nilipiga kelele kuwa ni rangi ya viatu. Makofi yakazidi.

Na nyuma, karibu na mlango, nikaona fimbo imeanguka. Shemeji kainama, mabega yanamtikisika. Nikafikiri nimemuua. Binti kamwinua uso. Anacheka. Anacheka hadi hana sauti, kama dada yake siku ya korongo.

Jumatatu, tarehe 10

Picha iko magazetini. Chui ana chozi moja. Mchambuzi kaandika kuwa jicho moja limeyaona maovu yetu na jingine linatupa nafasi ya mwisho. Bibi Miwani kakataza mtu yeyote kuligusa la pili. Leso yangu kaitia kwenye fremu ya kioo, kaitundika chini ya picha. Ina kikadi chake. Kimeandikwa "Leso ya Mwalimu. Pamba, weusi, mafuta ya kifua."

Basi nina kikadi. Cha kitambaa cha pua.

Shemeji kaja adhuhuri na machungwa. Kakaa chini ya korongo, kafuta macho, kicheko bado hakijamwisha. Kasema jana alimtazama chui upande wa kulia tu, kakinga wa kushoto kwa mkono, akamwona tena alivyomkusudia. Hajamwona hivyo miaka kumi na moja. Nikamuuliza basi amenisamehe. Kafikiri, kamenya.

"Jicho moja nimekusamehe, Shemeji. La pili tutaongea."

Nikamwambia sina muda wa kuongea, nina hadi leo. Hapo daktari kaingia. Kaniuliza nani kanitia wazimu huo. Alimwambia binti atakuwa akija kuniona kila wiki. Kila wiki. Moyo umechoka, lakini unafanya kazi zake, haujatuma barua ya kuacha.

Aibu tupu. Nimekwisha kuwaaga watu saba, na mmoja nimempa saa yangu ya mkononi.

Ila ni afadhali. Nusu ya msamaha si msamaha. Ningefika kule mke wangu angeuliza la pili.

Ijumaa, tarehe 21

Shemeji kashika brashi. Kanitumia gari nikakague, kama zamani. Kasema sharti ni moja tu: nikiona kosa nilitaje kwa mdomo, mikono magotini. Nimeapa. Nimeapa kwa jina la dada yake, naye kaniamini.

Chumba ni kilekile, doa la chai lilelile mezani. Picha bado mbichi upande wa chini. Kiboko, kalala kwenye bwawa la hoteli, mtungi wa kinywaji kando, taulo nyeupe kichwani. Bwawani hakuna maji, kuna vigae tu. Wameyafunga, naye hajui bado. Nimeitazama muda mrefu. Ni nzuri. Kucha nne kila mguu, sawasawa. Masikio sawasawa. Sikuona kosa.

Kisha nikaona miwani. Kiboko kavaa miwani yangu. Na shingo, kwa mnyama asiye na shingo, kapewa shingo yangu.

Shemeji kasema anakwenda kuosha brashi. Kaniwekea chai. Kando ya kikombe kaniwekea na kiberiti, sijui kwa nini, havuti sigara na jiko ni la umeme. Uzee umemshika. Brashi zenyewe ni mbili, na maji nayasikia yanatiririka bombani hadi sasa, robo saa nzima. Mtu haoshi brashi mbili robo saa.

Mkoba ninao hapa miguuni. Kopo limekauka kidogo juu, lakini chini bado laini.

Ninachotaka kuongeza si kikubwa. Ni masharubu tu, mafupi, kwa ajili ya usahihi wa kisayansi.